Albamu za Beach Boys kwa sikio la mwalimu wa kwaya

Kama bando lako linatosha albamu moja tu ya Beach Boys, pakua Sunflower ya mwaka 1970. Wengi watakuelekeza kwenye Pet Sounds, na mimi sina ugomvi na Pet Sounds. Nitaizungumzia kwa kirefu kuliko zote, kwa sababu hakuna albamu ya Kizungu iliyonifundisha mengi kama ile. Ila mimi ni mwalimu wa kwaya, na kundi lolote la waimbaji nalipima kwa swali ninalowauliza watu wangu hapa Mbeya wanapoanza kukanyagana kwenye kiitikio: mnaimba pamoja, au mnaimba kwa wakati mmoja? Kwenye Sunflower watu sita wanaimba pamoja. Kwenye Pet Sounds mtu mmoja anaimba kwa vinywa vya wenzake. Yote mawili ni makubwa, lakini hayafanani hata kidogo, na msikilizaji mgeni asipoambiwa hivyo mapema atazipitia albamu hizi juu juu.

Wenyewe ni vijana wa Hawthorne, mji wa jimbo la California, Marekani, walioanza kundi lao mwaka 1961. Brian, Dennis na Carl Wilson ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mike Love ni mtoto wa shangazi yao. Al Jardine alikuwa rafiki wa Brian. Bruce Johnston aliingia mwaka 1965, baada ya Brian kuacha kusafiri na wenzake. Desemba 1964 Brian alishikwa na hofu kali ndani ya ndege wakielekea Houston, na muda si mrefu akaamua kubaki nyumbani kutunga na kurekodi huku kundi likizunguka kwenye matamasha. Wakirudi wanakuta muziki uko tayari, wanapewa sauti zao, wanaimba. Kila mwalimu wa kwaya anaujua utaratibu huo.

Jumamosi moja kabla ya mazoezi niliwawekea waimbaji wangu "In My Room", wimbo uliomo kwenye Surfer Girl ya 1963, bila kuwaeleza chochote. Ubeti wa kwanza umeimbwa na wale ndugu watatu peke yao. Utotoni walilala chumba kimoja, na Brian, aliye mkubwa, ndiye aliyekuwa akiwafundisha wadogo zake usiku kila mmoja ashike sauti gani. Wimbo haujafika hata nusu, mama mmoja wa alto akasema, "Mwalimu, hawa wamezaliwa tumbo moja." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Wanafungua mdomo sawasawa."

Amesema kweli, na hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kundi hili. Kinachofanya sauti nne zishikane ni irabu kabla ya noti. Ukiwa na Mnyakyusa, Msafwa, Mndali na Mkinga kwenye mstari mmoja wa teno, kila mmoja anakuja na "a" yake na "e" yake kutoka kwao, na nusu ya mazoezi inakwisha kwa kuzisawazisha. Watoto wa Wilson hawakuwa na kazi hiyo. Walijifunza kuongea kwenye meza moja ya chakula. Sikiliza wanavyoachia neno la mwisho la mstari: wanalifunga wote kwa pumzi moja, huwezi kusema nani ametangulia. Al na Bruce, ambao si wa ukoo, walijifunza mdomo wa familia ile hadi ukawa wao. Hapo ndipo nawatolea kofia hasa.

Lazima niseme jambo kuhusu bahari, maana jina la kundi na albamu za mwanzo zote ni mawimbi, mchanga na magari. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai hapa ni masweta. Mchanga tunaouendea ni wa Matema, Ziwa Nyasa. Lakini katika kundi lile lile la Beach Boys, Dennis peke yake ndiye aliyekuwa akiteleza kwenye mawimbi. Bahari ilikuwa mada iliyouzika kwa vijana wa wakati ule. Kwa hiyo maneno ya nyimbo za mwaka 1962 na 1963 yasikusumbue, na Kiingereza chako kikiwa kidogo hupotezi mengi. Sikiliza nani yuko juu, nani yuko chini, na nani anapita katikati.

Ili umsikie huyo wa katikati, weka sabufa pembeni. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu najua ndicho chombo kilichopo kwenye nyumba nyingi, daladala, saluni na hata makanisa. Sabufa inainua ngoma na gitaa la besi hadi alto na teno zinazama, na hizo ndizo zinazobeba kazi yote hapa. Spika za masikioni za kawaida zinatosha kabisa. Kwa Pet Sounds, hata sikio moja linatosha. Brian tangu utotoni karibu hakuwa na usikivu kwenye sikio la kulia, na albamu ile aliichanganya kwa mono, yaani kinachosikika kushoto ndicho kinachosikika kulia. Watu wawili mnaweza kugawana spika za masikioni, mmoja moja, mwingine moja, na kila mmoja akapata wimbo mzima. Nimefanya hivyo na kijana wangu wa besi kwenye basi la Tukuyu, na tulipofika Kiwira alikuwa anaweza kuimba mstari wa Mike Love bila kukosea. Toleo la stirio lilikuja baadaye sana, mwaka 1997, kwenye mkusanyiko uitwao The Pet Sounds Sessions. Humo wameweka pia nyimbo zenyewe zikiwa sauti tupu, ala zote zimeondolewa. Mwalimu yeyote wa kwaya anayesoma hapa aanze na hizo sauti tupu. Ni darasa la bure.

Albamu za mwanzo nazipita haraka. Kampuni iliyokuwa ikitoa santuri zao ilikuwa ikiwadai albamu bila huruma: mwaka 1963 pekee zilitoka tatu, na kati ya Surfer Girl na Little Deuce Coupe zilipita wiki tatu tu. Ndiyo maana kuna nyimbo za kujazia nafasi. Kwenye Shut Down Volume 2 ya 1964 kuna kipande kizima cha maongezi ya kuigiza ugomvi kati ya Mike na Brian, na mpaka leo sioni kilichokileta pale. Lakini albamu hiyo hiyo ina "The Warmth of the Sun", wimbo uliotungwa siku zile za Novemba 1963 Rais Kennedy alipouawa, na sauti ya kichwa ya Brian mle inapanda taratibu bila kukaza shingo, jambo ambalo soprano zangu nawaomba kila wiki. Na kwenye Little Deuce Coupe, katikati ya nyimbo za magari, umejificha "A Young Man Is Gone", sauti tupu bila ala hata moja. Ukiwa na haraka chukua hizo mbili na "In My Room", uendelee mbele.

Mambo yanaanza kuiva kwenye Today! ya Machi 1965. Upande wa kwanza ni wa kuchezeka, na hata humo kuna "When I Grow Up (To Be a Man)", ambapo waitikiaji wanahesabu miaka ya mtu nyuma ya kiongozi, umri unapanda wimbo ukienda. Kijana anajiuliza atakuwa mtu wa namna gani akikua, na nyuma yake miaka haimsubiri. Hilo ni wazo la mtunzi aliyekomaa, na Brian alikuwa na miaka 22. Upande wa pili ni nyimbo za polepole, na kwangu upande huo ni bora kuliko albamu nzima za makundi mengine. "Kiss Me, Baby" uusikilize mara ya kwanza kwa kumfuata kiongozi, kisha urudie ukiwafuata wa nyuma tu. Hawaitikii kwa kurudia maneno ya kiongozi kama tulivyozoea kwenye mapambio. Wana sentensi zao, wana mahali pao pa kuvuta pumzi, na wote wanakutana kwenye kiitikio. Kinachoudhi ni kwamba albamu inafungwa na mahojiano ya watu wanaoongea huku wanakula. Baada ya utulivu ule wote, mtu anasikilizishwa watu wakitafuna. Nami nasimamisha kabla hayajaanza, na wewe fanya hivyo.

Sasa Pet Sounds, Mei 1966. Nyimbo 13, kama dakika 36. Brian alikuwa ameisikia Rubber Soul ya Beatles akaona albamu inaweza kuwa kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila nyimbo za kujazia. Akamtafuta Tony Asher amsaidie maneno, akakusanya wapigaji wa studio wa Los Angeles, miongoni mwao Hal Blaine kwenye ngoma na Carol Kaye kwenye gitaa la besi. Wenzake walikuwa safarini. Waliporudi, ala zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Alichofanya kiufundi kinaeleweka hata kwa anayerekodi na simu: ala zote zilizopigwa aliziunganisha zikakaa kwenye njia moja ya mkanda wa njia nane, zikabaki njia saba tupu kwa ajili ya sauti za watu. Saba! Kwaya zetu nyingi zinaporekodi, kinanda kinachukua nafasi yote na waimbaji wanapewa kinachobaki. Prodyuza akikuambia sauti zitasikika tu baadaye, mweleze habari hii.

"Wouldn't It Be Nice" unaofungua albamu ni wimbo wa furaha ambao mwishoni unapunguza mwendo ghafla, waimbaji wote wanashuka pamoja, kisha unashika kasi tena. Jaribu kuifanya kwaya yenye watu 30 ipunguze mwendo bila mtu mmoja kutangulia, utajua hao walikuwa wamefanya mazoezi kiasi gani. "Sloop John B" ni wimbo wa asili wa visiwa vya Bahama, na ni Al aliyempelekea Brian. Katikati ala zinakatika na zinabaki sauti tu, kila moja na njia yake, halafu ngoma zinarudi. Hapo ndipo teno wangu walipoomba nirudishe nyuma, na tukarudisha tena na tena mpaka mlinzi wa kanisa akaja kufunga.

"God Only Knows" unahitaji aya yake. Anayeongoza ni Carl, mdogo wa wote katika ndugu, akiwa na miaka 19. Imba solfa ya gitaa la besi la wimbo huu utagundua kitu cha ajabu: besi haikai kwenye "do". Kwetu besi ndiyo nguzo. Akodi ya do-mi-so inapotua, besi iko kwenye "do", kila mtu anajua amefika nyumbani. Brian anaweka akodi juu, na chini yake besi inashika noti nyingine ya akodi hiyo hiyo, kwa hiyo wimbo unasikika mtamu lakini hautulii, unaendelea kutafuta mahali pa kukaa. Ukiwauliza wapiga kinanda wawili wimbo uko ufunguo gani, watakupa majibu mawili na wote watakuwa na hoja. Maneno yanasema hivyo hivyo: mtu anayependa sana na asiyejua atakuwaje akiachwa. Muziki na maneno yamepata wasiwasi mmoja. Halafu mwisho, sauti moja inabaki na mstari wake, sauti nyingine inaingia na mstari huo huo ikiwa imechelewa, nyingine inajibu, zinafukuzana kwa mduara mpaka wimbo unafifia bila kufungwa. Ni aina ya utunzi ambayo kwaya za kanisa ndizo zilizoilea kwa karne nyingi, na hapa iko kwenye wimbo wa mapenzi wa redio. Paul McCartney amesema mara nyingi kwamba huu ni miongoni mwa nyimbo anazozipenda kuliko zote. Simshangai.

Na ile pembe inayofungua wimbo! Sisi tuliokulia kwenye makanisa ya Moravian, yaliyoanzia Rungwe mwaka 1891, tumelelewa na matarumbeta, tunajua chombo cha kupuliza kikipigwa na mtu anayepumua vizuri kinaimba kama mwanadamu. Pembe ile inateleza kutoka noti hadi noti namna ambayo mwalimu wangu wa tarumbeta angekemea. Ndani ya wimbo huu ni sahihi kabisa.

Nina lalamiko gani na Pet Sounds? Kwamba kundi lipo na halipo. "Don't Talk" ni Brian peke yake na nyuzi. "Caroline, No" ni Brian peke yake, ikatolewa hata kama singo kwa jina lake. Dennis, mwenye sauti yenye mkwaruzo niipendayo mimi, hupewi nafasi ya kumsikia akiongoza. Nyimbo mbili hazina mwimbaji kabisa. Ni kazi ya akili moja kubwa iliyokuwa na upweke, na upweke huo unasikika. Wamarekani hawakuipokea kama ilivyostahili wakati ule, ilifika namba 10, Uingereza ikafika namba 2, na muda mfupi baadaye kampuni ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zao za zamani sokoni. Mikusanyiko hiyo mpaka leo ndiyo watu wengi wanayoijua. Ukitafuta jina la kundi kwenye simu itakuja ya kwanza, na utaondoka ukidhani hawa waliimba mawimbi tu.

"Good Vibrations" ya Oktoba 1966 haimo kwenye Pet Sounds. Brian aliirekodi kwa vipande kwenye studio tofauti kwa miezi kadhaa akaviunga, na iliposhika namba moja kila mtu alisubiri albamu iliyofuata, Smile. Haikutoka. Brian aliiacha mwaka 1967, ikaja badala yake Smiley Smile, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nyumbani kwake. Watu waliikataa, nami naielewa hasira yao, ingawa zile sauti za chini kwa chini zina ukaribu wake. Brian alikuja kuikamilisha Smile na bendi yake mwenyewe mwaka 2004, na kanda za zamani zikatolewa rasmi mwaka 2011.

Kwa kwaya, lulu ya habari yote hiyo ni "Our Prayer". Ilirekodiwa 1966 iwe ufunguzi wa Smile, ikatoka kwenye 20/20 ya 1969. Haina maneno, haina ala. Ni "aa" na "oo" kwa zaidi kidogo ya dakika moja, akodi zinahama kwa hatua ndogo ndogo ambazo usipokuwa makini zinakudondosha. Tunaitumia kupasha sauti. Kwa sababu haina maneno, hakuna wa kujificha nyuma ya Kiingereza kigumu. Aliyekosa noti anasikika. Besi zangu waliipenda tangu siku ya kwanza, soprano waliichukia mpaka walipoiweza.

Wild Honey ya mwisho wa 1967 msikilize Carl akiimba kwa nguvu kama mhubiri, na Friends ya 1968 ni fupi, haifiki nusu saa, ya kusikiliza Jumapili jioni. Kisha Sunflower.

Kwenye Sunflower Brian hajiwezi kubeba kila kitu, na hilo ndilo lililowakomboa. Kila mmoja ameleta wimbo. Dennis anafungua albamu kwa kelele ya furaha, na baadaye anaimba "Forever" aliyoitunga na rafiki yake, kwa sauti ile ya mkwaruzo ambayo nimeisubiri tangu mwanzo, na kaka zake wanamwekea msingi nyuma bila kumfunika. "Add Some Music to Your Day" unapokezanwa: huyu anachukua mstari, anampa mwenzake, wa tatu anapokea, na kwenye kiitikio wote wako humo. Ni wimbo wa watu wanaoushukuru muziki kwa kuwa nao kila mahali, kuanzia kanisani. "This Whole World" ni wa Brian, anaongoza Carl, hauchukui hata dakika mbili, na ndani ya muda huo umehama ufunguo mara kadhaa bila msikilizaji wa kawaida kugundua. Mpiga kinanda wetu alipojaribu kuufuata aliweka mikono mapajani akacheka kwa mshangao. "Cool, Cool Water" mwishoni ni sauti za watu zikifanya kazi ya maji, zinatiririka, zinadondoka, zinakusanyika. Nikiisikiliza nauona mto Kiwira pale unapopita chini ya Daraja la Mungu.

Albamu hii iliishia namba 151 Marekani. Sunflower! Kilikuwa kipindi ambacho vijana wa kule walishawaona hawa watu wa zamani, mashati ya mistari na mawimbi, wakawa hawawasikilizi tena. Inauma, kwa sababu ndiyo mara pekee nasikia ndani ya albamu nzima kwamba hakuna anayemsubiri mwenzake amwambie la kufanya.

Surf's Up ya 1971 haina usawa huo. Kuna wimbo wa maandamano ya wanafunzi wenye ving'ora ambao nauruka bila kusita. Lakini nyimbo tatu za mwisho zinafuatana zote za Brian, na ya katikati, "'Til I Die", naiweka juu kabisa pamoja na "God Only Knows". Mtu anajiona kama kizibo kinachoelea baharini, jiwe kwenye maporomoko ya ardhi, jani siku ya upepo. Maneno machache tu, na sauti zinapandiana tabaka juu ya tabaka, nzito, polepole. Tuliwahi kuisikiliza pamoja baada ya kumzika mwenzetu wa besi. Hakuna aliyeomba iwekwe, na hakuna aliyeomba izimwe.

Halafu wakaja Waafrika. Mwaka 1972 walijiunga Blondie Chaplin na Ricky Fataar, vijana wa Durban, Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi kule kwao. Mwaka huo kundi lilihamia Uholanzi na kusafirisha vifaa vya studio kutoka California, na matokeo yake ni Holland ya 1973. Wimbo unaoifungua, "Sail On, Sailor", anaongoza Blondie, na naomba usikilize jinsi sauti yake ilivyo na uzito tofauti na ya akina Wilson, halafu usikilize waitikiaji wanavyojisogeza kumfuata yeye. Humo pia kuna "The Trader", muziki wa Carl, maneno ya meneja wao Jack Rieley, unaomwimba mfanyabiashara anayefika nchi ya watu na kuichukua. Sisi wa huku tunaielewa habari hiyo bila kutafsiriwa. Holland naiweka ya tatu, baada ya Sunflower na Pet Sounds.

Baada ya hapo nyingi ni za kuchagua wimbo mmoja mmoja. Love You ya 1977 ina mashabiki wake, sauti ya Brian imekwisha kukwaruzika kwa sigara, nami siwezi kuirudia mara nyingi. Dennis alizama majini akafa Desemba 1983. Carl alifariki kwa saratani Februari 1998. Waliobaki walikutana tena kwa albamu ya 2012, That's Why God Made the Radio, na nyimbo zake za mwisho zinafaa kusikilizwa na yeyote aliyezifuata hizi za zamani. Brian amefariki Juni 11, 2025, akiwa na miaka 82. Wiki ile mazoezi yetu tuliyaanza na "Our Prayer", tukaiimba kwa mara ya kwanza bila mtu kudondoka.

Nimeacha moja kwa makusudi, kwa sababu maandalizi ya Krismasi yanaanza mapema. The Beach Boys' Christmas Album ya 1964 ina upande wa nyimbo zao na upande wa nyimbo za Krismasi tunazozijua sote, ukiwa na okestra iliyopangwa na Dick Reynolds. Huyo ndiye aliyewapangia sauti Four Freshmen, kundi ambalo Brian alijifunzia kazi akiwa kijana kwa kusikiliza santuri zao na kuzichambua sauti moja moja kwenye piano. "We Three Kings of Orient Are", ule wa Mamajusi, wameuimba vizuri kiasi kwamba kwaya ya watu wazima inaweza kuuchukua kama ulivyo. Hakikisha toleo utakalopata lina "The Lord's Prayer". Haikuwemo kwenye albamu ya awali, ilitoka upande wa pili wa singo ya Desemba 1963, sauti tupu mwanzo hadi mwisho, ikaja kuongezwa kwenye matoleo ya baadaye.

Huo nimeuandika kwa solfa na kuweka Baba Yetu ya Kiswahili. Maneno yetu ni marefu kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo mahali pengi noti moja imebidi igawanywe kwa silabi mbili au tatu, na kwenye "hapa duniani kama huko mbinguni" teno bado wanakimbia kuliko wenzao. Tumewaongezea mazoezi ya Alhamisi jioni mpaka wakae sawa.